Shahada ya Biashara Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kuomba na Kusoma

Julai mwaka juzi mama mmoja wa Igurusi alinikuta dukani kwangu Kabwe, hapa Mbeya mjini. Duka lenyewe ni la steshenari: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, na matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuwaombea vyuo watoto wa watu. Mama alikuwa na bahasha ya kaki na simu ndogo ya batani. Kijana wake alikuwa JKT Mafinga, alikuwa amemwachia vyeti na laini. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia: "Mwanangu, mchagulie mdogo wako kozi nzuri, ila isiwe na hesabu. Hesabu na yeye hawapatani. Nimeambiwa biashara inafaa."

Mimi nimesoma hiyo biashara. Muhula wa kwanza sikukiachia kikokotoo: nikitoka hisabati ya biashara naingia uhasibu, nikitoka uhasibu nakutana na uchumi. Nikamweleza mama ukweli, na ndio ninaokuandikia hapa kwa urefu. Shahada ya usimamizi wa biashara ni rahisi kuingia, na kwa sababu hiyo wanaingia wengi wasiojua wamefuata nini. Anayenufaika nayo ni yule aliyeanza kuipigia hesabu kabla hajalipa hata ada ya maombi.

Hatua ya 1: Anza na jina la shahada, chuo baadaye

Karibu kila anayekuja dukani huuliza, "Kaka, chuo gani kizuri?" Swali hilo lingoje. La kwanza ni cheti chako kitaandikwa nini.

Shahada ya usimamizi wa biashara, ambayo wengi tunaiita BBA, ni pana. Inagusa uhasibu, masoko, fedha, rasilimali watu, sheria na ujasiriamali. Pembeni yake kuna ndugu zake walionyooka zaidi: uhasibu na fedha, ununuzi na ugavi, masoko, usimamizi wa rasilimali watu. Darasani mtakutana kwenye masomo mengi ya mwaka wa kwanza. Sokoni mtaachana.

Fanya zoezi hili, halikuchukui hata saa moja. Ingia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta matangazo matano ya kazi unazozitamani, soma ile sehemu ya sifa za mwombaji neno kwa neno. Utaona nafasi ya mhasibu inataka shahada ya uhasibu au inayolingana nayo, na kwenye ngazi za juu wanataka CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, NBAA. Afisa ugavi anadaiwa shahada ya ununuzi na ugavi, tena awe amesajiliwa na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Afisa biashara wa halmashauri, hapo BBA inaingia bila shida. Kwenye benki na kampuni binafsi mlango ni mpana zaidi, ila foleni nayo ni ndefu.

Kwa maoni yangu, kama tayari unajua unataka uhasibu, nenda kasome uhasibu, usipitie BBA ukidhani utakata kona mbele. BBA inamfaa anayetaka kuendesha biashara yake au ya nyumbani, anayetaka kazi za mauzo na uendeshaji, au anayetaka kuonja kila kitu kwanza kabla ya kuchagua tawi. Wa mwisho huyo awe makini, maana kuonja nako kuna mwisho.

Hatua ya 2: Jipime kwa sifa za TCU

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili. Upo bure kwenye tovuti yao. Ndani yake kila kozi ina jina, namba yake, sifa za kuingia, muda na idadi ya nafasi. Usiombe chuo kwa maneno ya bango lililobandikwa stendi. Kozi ambayo haimo kwenye mwongozo wa mwaka huo usiiombe, hata kama wakala wake amevaa suti.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, sharti la chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinakufikisha, C na E zinakufikisha, D na E zinakuacha nje. Hicho ni kima cha chini tu. Chuo kinaweza kuweka sharti juu yake, na waombaji wakizidi nafasi, mwenye pointi nyingi ndiye anayetangulia.

Sasa njoo kwenye hesabu. Kwa kozi za biashara, vyuo vingi hupokea kombi za aina nyingi: ECA, EGM, HGE, hata HGL. Lakini soma sentensi inayofuata kwenye safu ya sifa. Mara nyingi inasema kama hukusoma hisabati kidato cha sita, uwe na ufaulu wa hisabati kidato cha nne, walau D, au sabsidiari ya BAM, ile hisabati tumizi ya kidato cha sita. Kijana wa yule mama alikuwa na HGL nzuri kabisa, pointi za kutosha. Hisabati ya kidato cha nne alikuwa na D moja ya jasho. Ile D ndiyo iliyombeba. Angekuwa na F, orodha ya kozi za kuomba ingekatika karibu nusu.

Wenye stashahada wanahitaji GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hawa wasisahau namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN, inayopatikana NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo mfumo wa chuo haukuruhusu kwenda ukurasa unaofuata. Iombe mapema, wiki ya mwisho mtandao huwa unagoma.

Hatua ya 3: Jua vyuo vya huku kwetu na vilivyovizunguka

Huhitaji kwenda Dar kusoma biashara. Mbeya mjini kuna Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho makao yake makuu yako Morogoro. Kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Wengi wanakijua kwa uhandisi, lakini biashara inafundishwa pia. Kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, na Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, kilichopewa jina la askofu wao. Ukitaka uhasibu au ugavi, TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) na CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) zote zina kampasi hapa.

Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kile ambacho wazee bado wanakiita Tumaini, cha Dayosisi ya Iringa ya KKKT, na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, RUCU. Mkwawa usiichanganye hapo: ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wanaoenda huko wanakwenda kusomea ualimu. Kwa mwenye kazi au duka asiloweza kuliacha, Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa, Mbeya, Iringa na Njombe zikiwemo. Huria kunataka nidhamu ya mtu mzima, maana hakuna anayekuamsha.

Sasa, Mbeya au Iringa? Mimi huangalia kilicho nje ya geti la chuo. Mbeya una Soko la Mwanjelwa, una Soko la SIDO, una reli ya TAZARA, na Tunduma iko safari ya saa chache: shilingi na kwacha zinabadilishwa barabarani, mawakala wa forodha wamepanga ofisi mstari mmoja, malori yamelala foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Una mchele wa Mbarali na Kyela, kakao, viazi, ndizi na chai ya Rungwe. Anayependa biashara ya mazao na ya mpakani, asihangaike kwenda mbali. Iringa una mbao za Mafinga na msitu wa Sao Hill, chai ya Mufindi, maziwa, na watalii wa Ruaha. Mji ni mdogo, umetulia, na kwa mwanafunzi anayepotezwa na makelele hilo ni jambo la maana.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya pesa yote, si ada peke yake

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mzazi anaona ada kwenye fomu, kozi za biashara mara nyingi ni milioni moja na kitu hadi milioni moja na nusu hivi kwa mwaka, anauza ng'ombe wawili, anadhani amemaliza.

Chukua karatasi. Andika ada. Chini yake andika vile vidogo: ada ya uthibiti ubora ya TCU 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 kama huna nyingine, usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, mitihani. Kila chuo kina orodha yake, iombe yote kabla ya kukubali. Halafu malazi. Hosteli za chuo hazitoshi, wengi huishia kupanga geto. Wenye nyumba huku wanapenda kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kwa hiyo fedha ya Oktoba lazima iwe nene kuliko ya miezi mingine. Ongeza godoro, jiko la gesi, ndoo, na sweta. Usidharau sweta. Mwenzangu alitoka Kyela kwenye joto na shati jepesi, wiki ya kwanza akajifunika pazia la dirisha.

Mwisho andika chakula na nauli za kila siku, zidisha kwa miezi minane au tisa ya masomo. Ukimaliza utaona ada mara nyingi ni sehemu ndogo ya mzigo. Afadhali kujua hilo mwezi wa saba kuliko mwezi wa kumi na mbili.

Hatua ya 5: Omba, kisha linda laini ya simu

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, si TCU. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa chuo, unajaza namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, unapata kontroo namba, unalipa ada ya maombi, kwa kawaida 10,000, unachagua kozi kwa mpangilio wa mapenzi yako. Ukiomba vyuo vitatu, ni akaunti tatu.

Mambo machache ninayoyaona yakiharibika kila msimu:

Namba ya simu. Mwombaji anaweka namba ya aliyemjazia. Mwezi mmoja baadaye chuo kinatuma ujumbe kwa mwenye steshenari, ambaye siku hiyo ana watu arobaini kwenye foleni. Weka yako, au ya mtu wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe.

Nywila. Iandike kwenye daftari. Si kwenye kiganja.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumaini, cha shule kinasema Tumain. Herufi moja. Irekebishe au upate hati ya kiapo mapema, kwa sababu itakusumbua tena kwenye mkopo.

Majibu yakitoka, kama umechaguliwa chuo zaidi ya kimoja ni lazima uthibitishe kimoja. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unaomba namba ya siri, inatumwa kwenye simu au barua pepe, unaiingiza kabla ya siku ya mwisho. Usipothibitisha, nafasi inakuponyoka.

Na hapa nirudi kwa mama wa Igurusi. Kijana alichaguliwa vyuo viwili. Nikaomba namba, ikatumwa kwenye ile laini aliyonayo mama. Nikampigia: "Mama, kuna ujumbe umeingia?" "Ulikuja mmoja wa tarakimu tarakimu," akasema, "nikaufuta. Si ndio hao matapeli wa tuma kwenye namba hii?" Sikumlaumu. Tuliomba upya, safari hii akausoma taratibu, tarakimu moja moja, kuku wakilia nyuma yake. Kama una mtoto JKT, mweleze mapema anayebaki na simu kwamba ujumbe huo utakuja na asiufute.

Hatua ya 6: Mkopo

Dirisha la Bodi ya Mikopo hufunguliwa kati ya Juni na Julai, na maombi yanafanyika kwenye mfumo uitwao OLAMS, kwa ada ya 30,000. Usisubiri barua ya chuo ndipo uanze. Kazi kubwa ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, cha kifo kama umefiwa na mzazi, namba ya NIDA, taarifa za mdhamini, na kama kaya yenu iko TASAF, namba yake. Fomu ikishaprintiwa inahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa hakimu au wakili. Kisha inaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Ukurasa mmoja ukikosa saini, maombi yanahesabika hayajakamilika.

Nikwambie wazi: kozi za biashara hazijawahi kuwa mstari wa mbele kwenye vipaumbele vya mkopo. Afya, uhandisi, ualimu wa sayansi na hisabati hutangulia. Hii haina maana hutapata. Uhitaji wa familia ndio unaopimwa, na wengi wa biashara wanapata. Ila wapo wanaopata sehemu tu ya gharama, na wapo wanaokosa kabisa. Panga ukiwa na jibu la swali la "nikikosa je?" Ukiona umepangiwa kidogo kuliko hali yako halisi, kuna dirisha la rufaa, litumie kwa vielelezo na si kwa malalamiko.

Wanaopata boom kamili, yaani posho ya chakula na malazi, huhesabiwa 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500. Inakuja kwa mikupuo. Kwa siku 60 ni 600,000, na ukiishika kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka ishirini, unajiona tajiri kwa kama siku tano. Lipa geto kwanza. Na ujue ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa mpaka liishe.

Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza, usikimbie namba

Shahada ni miaka mitatu, mihula sita, krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi, ukijumlisha mihadhara, semina na kujisomea. Kwa hiyo somo la krediti 12 linakudai saa 120, na mhadhiri anakupa sehemu ndogo tu ya hizo. Zilizobaki ni zako.

Mwaka wa kwanza utakutana na kanuni za menejimenti, uhasibu, uchumi, hisabati ya biashara, takwimu, stadi za mawasiliano, kompyuta. Menejimenti inasomeka kama hadithi, na ndiyo inayowadanganya watu. Uhasibu ukikuacha wiki tatu za kwanza, wakati wa debiti na krediti, mwaka mzima utakuwa unakimbiza basi. Kaa mbele. Fanya maswali kwa mkono, usisome majibu ya desa ukasema umeelewa.

Nikuonyeshe kwa nini masomo haya si mapambo. Chukua mfanyabiashara wa viazi wa Uyole, namba ni za mfano. Ananunua gunia 40 kwa 60,000 kila moja: 2,400,000. Lori hadi Dar, 8,000 kwa gunia: 320,000. Kupakia na kushusha, 2,000: 80,000. Ushuru, 1,500: 60,000. Nauli yake na kibanda sokoni: 80,000. Jumla 2,940,000. Akigawa kwa 40 anapata 73,500. Anauza 78,000, anajipongeza kwamba kila gunia limemwachia 4,500.

Lakini gunia 3 zimeoza njiani. Ameuza 37, mkononi ana 2,886,000. Amepata hasara ya 54,000 na hajui, kwa sababu kichwani bado anagawa kwa 40. Gharama halisi ya kila gunia lililouzika ni 79,459. Uhasibu wa gharama una sura nzima ya jambo hili, unavyotenganisha upotevu wa kawaida na usio wa kawaida. Nimeshafanya hesabu hiyo nyuma ya risiti ya fotokopi kwa wafanyabiashara wenye mtaji mara ishirini ya wangu, nao wakanyamaza kidogo. Na hapo sijaingiza lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, ambayo ni somo la vipimo, sheria na maadili ndani ya gunia moja.

Alama nazo zielewe tangu mwanzo. Kwa kawaida kazi za muhula ni 40, mtihani wa mwisho, yaani yuii, ni 60. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Sema una masomo matano yenye krediti sawa, umepata A, B+, B, B na C. Jumla 17, gawa kwa 5, GPA 3.4, daraja la pili la chini. B moja tu ingekuwa B+, ungekuwa na 3.6, daraja la pili la juu, ambalo linaanzia 3.5. Matangazo mengi ya nafasi nzuri, na shahada ya uzamili baadaye, hupenda hilo la juu. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Tofauti hiyo mara nyingi haitokani na akili. Inatokana na zile alama za kazi za muhula ambazo mtu alizidharau Novemba akidhani yuii iko mbali.

Ukipata sup, yaani mtihani wa marudio, ifanye kwa utulivu, si aibu. Kinachowaondoa watu ni kubeba masomo mawili matatu kwenda mwaka unaofuata huku wakijifariji, mpaka disko, yaani kuondolewa chuoni, inawakuta.

Hatua ya 8: Mwaka wa pili, tafuta field kabla field haijakutafuta

Mwaka wa pili yanakuja masoko, usimamizi wa fedha, rasilimali watu, sheria ya biashara, uhasibu wa gharama. Vyuo vingine vinakutaka uchague tawi. Chagua kwa kurudi kwenye yale matangazo matano ya Hatua ya 1, usichague kwa sababu rafiki yako anakwenda masoko.

Field, mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida ni wiki 8 za likizo ndefu. Hili nitalizungumza kwa uchungu. Mimi nilipata ofisi moja kubwa yenye viyoyozi. Nyumbani walifurahi mno. Wiki zote 8 nilipiga fotokopi, nikapeleka mafaili, nikanunua vitumbua vya saa nne. Hakuna aliyenionea, ila hakuna aliyekuwa na muda nami. Pengine ndiyo maana leo namiliki mashine ya fotokopi. Mwenzangu alikosa ofisi, akaenda chama cha msingi cha wakulima wa mpunga. Wa pili wake ofisini alikuwa mlinzi. Akashika daftari la ghala, stakabadhi, malipo ya wakulima, akagombana na mzani. Kwenye usaili wa kazi mimi nilieleza nilichokisoma, yeye akaeleza alichokifanya.

Kwa hiyo tafuta sehemu ndogo yenye kazi halisi: AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), saccos, ghala la pembejeo, kiwanda cha mbao Mafinga, wakala wa forodha Tunduma, mashine ya kukoboa mpunga. Barua ya chuo ichukue mapema, ipeleke mwenyewe, vaa vizuri, usitume kwa mjomba. Siku ya kwanza mwambie msimamizi kitu kimoja unachotaka kujifunza. "Nataka nijue mnavyofunga hesabu za mwezi" inapata jibu. "Nimekuja field" inapata fotokopi.

Jaza kitabu cha kumbukumbu kila jioni. Wanaojaza wiki 8 kwa usiku mmoja nawajua kwa rangi moja ya kalamu, na wahadhiri wanawajua pia.

Hatua ya 9: Mwaka wa tatu

Hapa kuna menejimenti ya kimkakati, ujasiriamali, na kwenye vyuo vingi utafiti. Chagua mada ndogo unayoweza kuifikia kwa daladala. "Changamoto za biashara ndogo Tanzania" ni bahari. "Wauza viazi wa Soko la SIDO wanavyotunza kumbukumbu za mauzo" ni kisima, na unaweza kukifikia kabla ya saa tano asubuhi wakati wateja hawajawa wengi.

Mwaka huo huo sajili kitu, hata kidogo. Kusajili jina la biashara BRELA kunafanyika mtandaoni, TIN inatoka TRA, leseni inatoka halmashauri. Ukipita njia hiyo mara moja kwa biashara ya kuuza mchele hosteli, utakuwa umejua jambo ambalo wahitimu wengi wanalijua kwenye slaidi tu. Anayeelekea uhasibu au ugavi aanze kuuliza NBAA na PSPTB kuhusu mitihani ya bodi kabla ya kuvaa joho, si miaka mitatu baada yake.

Yule kijana wa Igurusi alikuja dukani mwezi uliopita. Yuko mwaka wa pili, field alifanyia kwenye mashine ya kukoboa mpunga jirani na kwao. Alileta ripoti niprinti nakala tatu na kuzibaindi. Nikaifungua ukurasa wa kati, nikakuta jedwali: kilo za mpunga zilizoingia, kilo za mchele zilizotoka, pumba, chenga, na safu ya mwisho ameiita "hazijulikani zilipo". Nikamuuliza mwenye mashine alisemaje. "Alikasirika kwanza," akasema, "halafu akaniomba nakala."

Ukurasa wa tathmini ya msimamizi haukuwa na muhuri. Nikamrudisha Igurusi na basi la saa nane akagongewe.